Mkono Mmoja, Trei Kumi na Mbili

Watu wafupi husingiziwa mengi duniani, lakini kusingiziwa kuua vifaranga mia sita ambao hata hawajatoka kwenye yai, hilo kwa Wakili lilikuwa jipya. Alilisikia Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama juu ya stuli yake, kitambaa cha vumbi mkononi.

"Shemeji, shuka kidogo," Profesa alimwambia. "Nimeshapata jibu la awamu hizi tatu zilizoharibika."

"Haya, nipe."

"Jibu ni wewe."

Wakili hakushuka. Akiwa juu ya stuli angalau walikuwa wanatazamana macho kwa macho.

Majina hayo, usije ukadhani kuna mtu aliyasomea. Profesa alikuwa msimamizi wa mashine katika kituo kile cha kutotolesha vifaranga, mume wa dada yake Wakili, mtu mwenye daftari jeusi la kurasa mia mbili za kile alichokiita "nadharia yangu ya kuatamia". Hakuna swali lililomshinda. Ungemuuliza kwa nini yai limepasuka, angekujibu. Ungemwambia samahani, kumbe halijapasuka, angekujibu pia, tena kwa uhakika uleule. Wakili naye alipewa jina na mama yake akiwa binti wa miaka sita, siku alipouliza: "Mama, jana ulisema mafua yanaletwa na kuoga, leo unasema yanaletwa na kutooga. Sasa nifanyeje nisiumwe?" Alipigwa kofi dogo la mgongoni na jina likabaki.

Kazi yake ilikuwa kugeuza mayai, na si kazi ya mchezo. Kuku anayeatamia huyageuza mayai yake kutwa nzima kwa mdomo. Mashine haina mdomo, ina mkono wa chuma ubavuni. Kila baada ya saa mbili Wakili alipanda stuli, akauvuta ule mkono, trei zote kumi na mbili zikalala upande wa pili, akashuka na kutia sahihi kwenye karatasi ya zamu. Usiku alifanya hivyo mwenzake aliyeitwa Mrefu, na huyo stuli hakuijua. Siku ya kumi na nane kugeuza kunakoma, siku ya ishirini na moja vifaranga wanatoboa. Miaka minne mambo yalikwenda hivyo bila shida. Halafu, awamu tatu mfululizo, mayai ya trei za chini yakatoboa mapema mno, vifaranga wadogo wenye vitovu vibichi, na ya trei za juu yakachelewa siku nzima na zaidi, wengi wakafia ndani. Wafugaji walikuja na maboksi yao wakaondoka nayo nusu tupu, wengine wakitukana mpaka getini.

"Wewe ni mfupi," Profesa aliendelea, kidole kikiwa kwenye ukurasa. "Trei za juu huzigeuzi vizuri. Yai lisilogeuzwa linachelewa. Za chini ziko karibu na wewe, unazigeuza kupita kiasi, kwa hiyo zinawahi. Ripoti naipeleka kwa bosi Jumamosi."

"Na bosi akishaisoma?"

Profesa alianza kuliangalia daftari kana kwamba kuna kitu amesahau humo. "Atatafuta mgeuzaji mwingine. Shemeji, usilichukulie kifamilia."

Asilichukulie kifamilia! Mtu ambaye watoto wake wote watatu Wakili ndiye aliyewabeba walipokuwa wanaota meno! Na Wakili alikuwa na mabinti wawili shuleni, mshahara mmoja tu nyumbani, na katika mji ule vituo vya vifaranga vilikuwa viwili. Akifukuzwa hapa kwa uvivu, kule getini wangeshasikia kabla hajafika.

"Shemeji," alisema, "trei hizi zimeunganishwa na nini?"

"Na nondo moja."

"Nani aliyeiunganisha?"

"Mimi mwenyewe," Profesa alijibu, na hata wakati ule hakuweza kuficha fahari yake. "Mkono mmoja, trei kumi na mbili."

"Sasa niambie, mkono ni mmoja, nondo ni moja. Za juu nazigeuzaje kidogo na za chini kupita kiasi kwa mvuto uleule? Kwa mazingaombwe?"

Mtu mwingine angenyamaza. Profesa alilamba kidole, akafunua ukurasa. "Nondo inaweza kuwa imelegea kule juu," alisema, akaandika.

Jumanne Wakili alikuja na gololi mbili alizomwazima binti yake mdogo. Moja aliiweka kwenye trei ya kwanza, kule juu kabisa, nyingine kwenye ya kumi na mbili, akapanda stuli, akavuta. Gololi zote mbili zikaviringika na kugonga ukingo kwa sauti moja: ta! Alirudia mara tano huku Profesa akishuhudia. Nondo haikuwa imelegea hata chembe.

"Basi," Profesa alisema baada ya kufikiri, "mayai ya juu ni ya kuku wazee. Mayai ya kuku wazee huchelewa."

"Awamu ya pili, mayai ya kuku wazee tuliyaweka chini. Umeandika mwenyewe, ukurasa huohuo uliofungua. Na ya chini yaliwahi."

"Ndiyo, kwa sababu yalikuwa chini."

"Kwa hiyo kuku mzee akiwekwa juu anachelewesha, akiwekwa chini anawahisha?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea kawekwa wapi."

Wakili alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Na ripoti? Bado ina jina langu?"

"Sababu zinaweza kuwa nyingi," alisema Profesa.

Hapo ndipo Wakili alipoogopa kweli. Mtu akikusingizia jambo moja, unalishika hilo moja unapambana nalo. Lakini nadharia ya shemeji yake ilikuwa haishikiki. Yai likichelewa ilikuwa sahihi, likiwahi ilikuwa sahihi, na kila ulipoitoboa tundu ilishonwa kiraka cha rangi nyingine. Leo ilimtia yeye hatiani, kesho ingeweza kumtia Mrefu, na hakuna yai duniani ambalo lingeweza kuja kuiambia kwamba imekosea. Lingekujaje, wakati ilishakubali kila kitu?

Alhamisi jioni alikwenda kwa dada yake kumwaga moyo. Dada alikuwa anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba, akaendelea kukunja huku anasikiliza yote, gololi, kuku wazee na ile "inategemea".

"Mimi msinifanye hakimu," alisema mwishowe. "Mmoja ni mume wangu, mwingine nimembeba mgongoni. Ila nikuulize. Mwenzio umeshambomoa, sawa, kubomoa unajua tangu utotoni. Wewe unasemaje? Mayai yamekufa, na hayakujiua."

Wakili aliokota soksi iliyoanguka, akaikunja.

"Na wewe umegeuza kila mara?" dada aliuliza, taratibu. "Kila mara kabisa?"

Alitamani kusema ndiyo. Lakini huyu alikuwa ndiye aliyemwogesha alipokuwa mtoto, na alimjua. "Mara moja sikugeuza," alisema. "Awamu ya pili. Shule ilipiga simu kwamba mdogo kaanguka ngazini, nikatoka mbio. Sahihi ya saa nane niliitia nilivyorudi." Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Dada aliacha nguo, akasogea akakaa naye mpaka yalipokauka.

Nyumbani, mabinti wakiwa wanapiga kelele na kazi zao za shule, alichana karatasi akaandika yote aliyokuwa na hakika nayo, yanayomfaa na yasiyomfaa. Joto hupanda juu. Trei zote hugeuka pamoja. Sikugeuza mara moja. Yai lililopata baridi huchelewa, lililopata joto jingi huwahi, na hilo hata daftari la Profesa lilianza nalo kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Ya juu yamechelewa. Ya chini yamewahi. Kipimajoto kinasema sawasawa.

Aliitazama orodha. Kosa lake mwenyewe lilikuwa kosa, lakini mkono usipovutwa zinaumia trei zote, haziumii za juu tu. Kama kila kilichoandikwa pale ni kweli, basi juu kulikuwa na baridi na chini kulikuwa na joto kali, ingawa joto hupanda juu. Hayo mawili yalikuwa yanagombana. Profesa angechukua moja akalifunika. Wakili aliyaacha yote mawili yagombane mbele yake, akakaa nayo, akisubiri kuona lipi la tatu lingeyapatanisha.

Ndipo akakumbuka kwamba mashine ile zamani haikuwa na kipimajoto kimoja. Ilikuwa na vitatu.

Kimoja kilikaa juu, kimoja katikati, kimoja chini. Vile viwili vya juu na chini Profesa alivitoa mwenyewe, akavitupa kwenye droo ya vikorokoro. "Vimeharibika," alisema siku hiyo. "Kimoja kinasema thelathini na sita, kingine thelathini na tisa. Mashine moja haiwezi kuwa na majoto mawili. Tubaki na hiki kinachosema kweli." Na lini hiyo? Wakili alihesabu kwa vidole. Mwanzoni mwa awamu ya kwanza kuharibika. Siku chache baada ya radi kuunguza boksi la umeme na fundi umeme kuja kubadilisha nyaya.

Vimeharibika siku moja, vyote viwili, kimoja kwa kushuka na kingine kwa kupanda? Alijikuta amesimama katikati ya chumba. "Mama, unaongea na nani?" binti mkubwa aliuliza.

"Na shemeji," alisema Wakili. "Hayupo, lakini namshinda."

Ijumaa Profesa alishinda nje akikusanya mayai kwa wafugaji. Wakili alivitafuta vile vipimajoto kwenye droo, chini ya tepu na misumari, akavifuta, akavitia vyote vitatu kwenye kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu. Alisubiri dakika tano bila kupepesa. Thelathini na nane, thelathini na nane, thelathini na nane. Vilikuwa vizima kama siku vilipotoka dukani.

Bado hakujua ni nini kilichokuwa kinalizuia joto lisipande. Alipanda stuli kupangusa paa la mashine kama kawaida ya kila siku, akiwaza, na kitambaa kilipofika kwenye matundu ya hewa kikamnata vidoleni. Zile nyoya laini za vifaranga, ambazo chumba kile hakikosi, zilikuwa zimejaa juu ya matundu. Alizipangusa. Unyoya mmoja ulielea hewani, ukashuka, ukavutwa ndani ya tundu ukapotea.

Wakili aliganda. Kwenye matundu haya ndiko alikokuwa akipashia vidole moto asubuhi za baridi, miaka minne yote, kwa sababu hewa ya moto ilitoka hapo. Lini mara ya mwisho? Hakukumbuka. Aliacha tu, akidhani ni msimu, na hakuwahi kujiuliza. Alijipiga kofi la paja. Kumbe si Profesa peke yake aliyefunika mambo.

Jumamosi bosi alikuja saa nne. Alikuwa mama wa maneno machache aliyeanza na kuku watano, na watu wazima walinyoosha migongo akipita. Profesa alimpa ripoti. Aliisoma yote akiwa amesimama mbele ya mashine, kisha akamgeukia Wakili.

"Unasemaje?"

Wakili alikunjua karatasi yake. "Mama, naomba nianze na kosa langu, maana ripoti hiyo haina. Awamu ya pili niliacha kugeuza mara moja, na nikatia sahihi ya uongo. Hilo ni kweli, na adhabu yake naipokea."

"Unaona!" Profesa alisema.

"Naona," alisema bosi, bila kumtazama. "Endelea."

Wakili aliwaonyesha gololi. Akawaonyesha kikombe na vipimajoto vitatu vyenye kauli moja. Kisha akafungua mlango wa mashine, akarudisha kimoja katikati, akaweka kimoja juu na kimoja chini, akafunga, wakangoja. Cha katikati kilisoma thelathini na saba na nusu, kama kilivyotakiwa. Cha juu kilisoma thelathini na sita. Cha chini, thelathini na tisa.

"Haiwezekani," Profesa alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Joto hupanda juu, mama. Hiyo ni sayansi."

"Hupanda, shemeji, hata mimi nimeliandika," alisema Wakili. "Sitaki uliache hilo. Nataka tuwe nalo, tuwe na vipimajoto, tuwe na mayai, tuwe na kosa langu, vyote pamoja, bila kukitupa hata kimoja kwenye droo. Ukivikubali vyote, lazima pawe na kitu kinachousukuma moto chini. Njoo upande."

Profesa alipanda stuli. Ilikuwa mara ya kwanza, na stuli ililalamika. Wakili alimpa unyoya mmoja. "Weka pale kwenye tundu."

Aliuweka. Ukavutwa ndani.

Aliweka mwingine, nao ukaenda. Alikaa kule juu muda mrefu, mpaka bosi akakohoa, na aliposhuka uso wake ulikuwa mwingine. Wakili alikuwa amejiandaa kwa kiraka kipya, na jibu lake alikuwa nalo tayari ulimini.

"Feni," Profesa alisema polepole. "Feni iko chini, juu ya vyuma vya moto. Kazi yake ni kusukuma hewa kwenda juu itokee matunduni. Hii inavuta baridi ya nje inaileta ndani." Akashika kichwa. "Mota yake ni ya nyaya tatu. Ukibadilishana mbili, inazunguka vilevile, kelele ileile, ila kinyume. Fundi umeme... siku ile ya radi... Na mimi siku chache baadaye vipimajoto vilinieleza! Vilinieleza vyote viwili, nikavifungia!"

Hilo la mota Wakili hakulijua. Asingelijua hata angekaa na karatasi yake mwaka mzima. Alimwangalia shemeji yake, na hasira yote ya wiki ikamtoka bila kuaga.

Bosi aliikunja ripoti mara mbili akaitia mfukoni. "Sahihi ya uongo, utakatwa siku tatu," alimwambia Wakili. "Lakini katika kituo hiki ndiyo kwanza nasikia mtu anaanza na kosa lake. Fundi umeme aitwe leo. Nawapa awamu moja. Mayai yakitoka kama ya awamu zile tatu, sitasoma ripoti ya mtu, mnaondoka wote wawili."

Fundi umeme alikuja, akachungulia, akasema "lo!", akabadilisha nyaya mbili kwa dakika sita. Profesa mwenyewe alipanda stuli kuweka unyoya. Uliruka ukamgonga puani.

Siku ishirini na moja ni nyingi ukizihesabu kwa saa mbili mbili. Wakili alivuta mkono, alitia sahihi, alisoma vipimajoto vitatu. Profesa alikuja kila asubuhi na daftari, ila sasa alikuwa analisoma kuliko kuliandika, na kalamu yake ilikuwa inakata mistari. Siku moja alimletea stuli mpya aliyoigonga mwenyewe, pana, yenye mahali pa kushika. Hakusema ni ya nini, na Wakili hakuuliza. Aliijaribu tu, akasema, "Hii imenikuza."

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja walikuwa wote mbele ya mashine, bosi, Profesa, Wakili, na Mrefu aliyegoma kwenda kulala. Kelele zilisikika kabla mlango haujafunguliwa. Trei ya kwanza ilikuwa inachemka vifaranga, wakavu, wa manjano, miguu imara. Ya kumi na mbili vilevile. Juu na chini, asubuhi moja! Wakili alimkumbatia Mrefu kiunoni, maana juu ya hapo hakufika, akalia kwa sauti wala hakuona haya.

"Kesho njooni kazini," alisema bosi, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Walianza kuhesabu na kupanga kwenye maboksi. Ndipo Wakili alipofika trei ya saba. Mayai kama arobaini, upande mmoja wa kushoto, yalikuwa bado yamekaa kimya, yakianza kudonolewa kwa ndani, nyuma ya wenzake kwa nusu siku. Si hasara, wangetoka mpaka jioni. Lakini kwa nini saba? Kwa nini kushoto?

"Shemeji," aliita. "Hebu ona hii."

Profesa alikuja, akainama, akaangalia. Alifungua daftari. Akalamba kidole. Wakili alimwona anavuta pumzi, kifua kinajaa, mdomo unafunguka kama ulivyofunguka miaka yote, na akajiandaa.

Profesa alifunga daftari.

"Sijui," alisema. Alionekana kushangaa mwenyewe jinsi neno lilivyotoka bila kuumiza. "Wallahi sijui, Wakili. Lete vipimajoto tuangalie."